Kiingilio cha bahari ya Watamu: unalipia nini hasa?

Swali: Desemba iliyopita chama chetu cha wanawake wa Kasarani kilienda Watamu, kwa treni ya SGR hadi Mombasa kisha kwa matatu. Kila mmoja alitumia kama shilingi 18,000 kwa siku tatu. Tulipotaka kupanda boti kwenda kuona matumbawe, tukaambiwa kuna kiingilio cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori na hifadhi, mia chache kwa kila mtu, mbali na pesa ya boti. Wanne wetu walikataa wakabaki ufuoni. Walisema bahari haina ukuta na matumbawe yaliumbwa na Mungu, kwa hivyo hakuna mtu wa kuwatoza. Mwaka huu tunarudi na mjadala umeanza tena. Je, ni kweli kwamba kulinda matumbawe kunaleta pesa, au ni maneno ya wenye hoteli? Na kama kunaleta, ni pesa ya nani? — Mweka hazina, Kasarani

Jibu: Dada mweka hazina, salamu kwako na kwa chama kizima. Nianze na wale wanne waliobaki ufuoni, maana nao pia walitumia matumbawe siku ile.

Walikaa juu ya mchanga mweupe. Sehemu kubwa ya mchanga wa aina ile ni matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa, vilivyosagika kwa miaka mingi. Anayesaga mmoja ni pono, samaki mwenye mdomo wa kasuku. Hutafuna mwamba akitafuta mwani, humeza na mawe yake, na anachokitoa nyuma ni mchanga safi. Kisha waliingia majini, na maji yakawa matulivu kiasi kwamba hata asiyejua kuogelea angeweza kukaa humo mchana kutwa. Utulivu huo unatokana na mwamba ulio mbele, pale unapoona mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika. Watafiti waliokusanya vipimo kutoka sehemu nyingi za dunia, wakachapisha matokeo mwaka 2014, walikuta kwamba miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Mwamba ukifa huanza kulika na kumomonyoka, mawimbi yanafika ufuoni na nguvu zao, na ufuo wenyewe unaanza kuliwa.

Kwa hiyo pesa ya matumbawe haitoki kwa wapiga mbizi peke yao. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Mark Spalding walipiga hesabu ya utalii unaotegemea matumbawe duniani kote, wakapata takriban dola bilioni 36 kwa mwaka. Karibu bilioni 19 ni za watu wanaokwenda kwenye mwamba wenyewe, kwa kuzamia, kwa miwani na mrija, au kwa boti ya kioo. Zilizobaki, karibu nusu nzima, ni za watu kama wale wanne wenu, waliofuata mchanga, maji matulivu, samaki wa mezani na mandhari. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba ni kama asilimia 30 tu ya miamba ya dunia yenye thamani ya kitalii. Iliyo mbali na uwanja wa ndege, barabara na vitanda vya wageni haiingizi kitu kwa njia hii. Nalitaja hilo mapema kwa sababu wapo wanaotuuzia kila mwamba kana kwamba ni mgodi wa dhahabu, na hilo si kweli.

Sasa hoja ya ukuta. Bahari haina ukuta, wamesema kweli, na hapohapo ndipo shida inapozaliwa. Shamba la mtu likiharibiwa, mwenyewe atalia na atakwenda kwa chifu. Mwamba hauna wa kuulilia. Fikiria nahodha aliyeleta wageni kumi. Anafika juu ya matumbawe na kutupa nanga ya chuma yenye kucha nne. Nanga inanasa kwenye matumbawe ya matawi, yale membamba mfano wa pembe za paa, na upepo unapoigeuza boti kamba inafyeka duara zima kuizunguka. Wakati wa kuondoka nanga inavutwa kwa nguvu na kipande cha ukubwa wa sufuria kinakatika nayo. Matumbawe ya matawi yakibahatika huongeza sentimita kama 10 kwa mwaka. Yale ya mviringo, makubwa, huongeza takriban sentimita 1 tu. Nahodha huyo si mtu mbaya. Anajua kwamba asipotupa nanga yeye, atatupa mwingine, na wageni wamelipia kuona samaki leo.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana: boya lililofungwa chini kwa uimara, boti zifungwe hapo na nanga zibaki juu. Boya linagharimu pesa, kamba yake huliwa na chumvi, na mtu lazima azamie kuikagua. Askari wa doria naye anahitaji mshahara, boti na mafuta. Kiingilio kimewekwa kwa ajili ya mambo hayo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika, na ndani yake uvuvi umekatazwa kabisa. Ndiyo maana samaki wa pale wanakuja hadi kwenye miwani ya mtu. Hawana sababu ya kumwogopa.

Kisiwa cha Bonaire, huko Karibi, kilianza mwaka 1992 kutoza kila mpiga mbizi dola 10 kwa mwaka, na pesa ile ikaenda moja kwa moja kwenye hifadhi. Watu walihofia wageni wangekimbilia visiwa vingine. Hawakukimbia, na ada hiyo imepandishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Watafiti waliokwenda kuangalia waligundua jambo jingine ambalo naona ni la maana zaidi: pale sehemu moja ya mwamba ilipopigwa mbizi kati ya mara 4,000 na 6,000 kwa mwaka, uharibifu ulianza kuonekana wazi. Wageni nao wana kiwango chao. Hifadhi inayofurahia kuongezeka kwa boti mwaka baada ya mwaka bila kuhesabu inakula mtaji na kuuita gawio, na wewe mweka hazina unajua chama cha namna hiyo huishia wapi.

Umeuliza kama kweli kunaleta pesa. Tuchukue 18,000 zenu. Treni ya daraja la kawaida ilikuwa 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Zilizobaki zilikwenda kwa wenye matatu, mwenye chumba, mama aliyewapikia wali wa nazi, nahodha, muuza madafu na bila shaka muuza leso. Kiingilio kilikuwa sehemu ndogo kuliko zote. Anayetazama daftari la geti peke yake ataona hifadhi haijiwezi. Mapato ya kweli yametawanyika katika mifuko ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuuona mwamba kwa karibu.

Wachumi tuna njia ya kuyakusanya. Mwaka 1947 Harold Hotelling, mchumi wa Marekani, aliiandikia idara ya hifadhi za taifa ya nchi yake barua yenye wazo jepesi: kama geti halikuambii hifadhi ina thamani gani, tazama watu wametoka umbali gani na wametumia nini kufika. Mtu wa Gede anafika Watamu kwa bodaboda, kwa hivyo anaweza kwenda kila Jumapili. Wa Mombasa atakwenda mara chache. Ninyi wa Kasarani mnakwenda mara moja kwa mwaka, tena kwa kuchanga miezi kadhaa. Ukiyapanga makundi hayo unaona jinsi safari zinavyopungua kadiri gharama inavyopanda, na kutokana na mteremko huo unaweza kukadiria yule wa Gede angekubali kulipa kiasi gani kabla ya kuacha kwenda. Tofauti kati ya kile ambacho angekubali na kile anacholipa tunaiita ziada ya mlaji. Haimo kwenye vitabu vya hoteli wala vya kodi, lakini ni mali ya mwananchi yule, na mwamba ukifa anaporwa bila kuandikiwa hata risiti.

Lakini pia si haki kuyapa matumbawe 18,000 nzima. Mngeweza kwenda pwani hata bila matumbawe, kwa ajili ya joto, kwa ajili ya kuwa pamoja, kwa ajili ya kuwaona ndovu wa Tsavo kupitia dirisha la treni. Swali la kuulizana kwenye kikao chenu ni hili: kama matumbawe ya Watamu yangekuwa yamekufa yote, mngebaki siku tatu au siku moja? Au mngeamua kwenda Naivasha? Tofauti ya pesa kati ya majibu hayo ndiyo sehemu ya matumbawe. Mtu akikuletea takwimu ya mamilioni bila kupitia hapo, mtilie shaka. Kampuni ya Deloitte ilikadiria mwaka 2017 kwamba mwamba mkubwa wa Australia, Great Barrier Reef, huchangia uchumi wa nchi ile dola bilioni 6.4 za Australia kwa mwaka na ajira 64,000. Sina ugomvi na hesabu yao. Ugomvi wangu ni na anayeichukua, akaigawa kwa eneo, akaizidisha kwa ukubwa wa miamba yetu na kutangaza utajiri wa Kenya. Kule kuna wageni na miundombinu mingine kabisa.

Ipo pia njia ya kuwauliza watu moja kwa moja wangelipa nini ili mwamba ulindwe. Ilipingwa sana hadi mwaka 1993, ambapo jopo lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, wote washindi wa Nobel, lilisema inaweza kutumika ikiwa maswali yameandaliwa kwa uangalifu. Mtu akiulizwa ovyo hutaja kiasi kikubwa kwa sababu haingizi mkono mfukoni.

Swali lako la mwisho ndilo zito, na ningependa mlipe muda kuliko haya yote. Pesa ni ya nani?

Kabla ya hifadhi kutangazwa, maji yale yalikuwa na wenyewe. Wavuvi wa pwani walikuwa wakifuata tafi, changu na pweza kwenye mwamba uleule tunaoelea juu yake tukipiga picha. Siku ilipokatazwa kuvua, gharama ya kwanza ya ulinzi ililipwa na wao, papo hapo, kwa kukosa kitoweo na karo. Utafiti uliofanywa katika hifadhi ya Kisite-Mpunguti, kule kusini mbele ya Shimoni, na kuchapishwa mwaka 2001, ulionyesha wazi kwamba utalii uliingiza fedha nyingi huku jamii za jirani zikipata kidogo kuliko walichopoteza, na hata hifadhi yenyewe ikibaki na sehemu ndogo. Kiingilio chenu kinaingia kapu moja la taifa linalolisha mbuga zote, za simba na za samaki. Siwalaumu wanaolisimamia, maana mbuga nyingi hazijitoshelezi. Ila mvuvi wa Mayungu, kijiji kilicho kati ya Watamu na Malindi, haoni kapu. Anaona boti za wageni zikipita juu ya maji aliyokatazwa.

Kwa upande mwingine, ulinzi humrudishia mvuvi kitu, ijapokuwa huchelewa. Samaki wakiachwa wanakua, wanazaa, na wengine huvuka mpaka. Tim McClanahan, ambaye amechunguza miamba ya Kenya kwa miongo mingi, alionyesha kwamba wavuvi wa karibu na hifadhi ya Mombasa, katika maeneo ambayo nyavu za juya ziliondolewa, walipata kipato bora kuliko wa mahali penye uvuvi wa holela. Juya huburutwa chini na kukusanya kila kitu, hata samaki wadogo wasio na bei, na huvunja matumbawe njiani.

Wapo pia wasiosubiri kapu la taifa. Kule Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua kufunga eneo la hekta 30 hivi mwaka 2005. Maeneo ya aina hii pwani wanayaita tengefu. Hakuna serikali iliyowalazimisha. Waliona samaki wanaisha. Samaki walirudi, wageni wakaanza kuja kutazama na kulipa, na mwaka 2017 jamii ile ikapewa tuzo ya Equator ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Na Kisiwani Wasini, mbele ya Shimoni, kina mama wamejenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko na bustani ya matumbawe ya kale, yaliyoachwa nchi kavu na bahari. Unalipa, unatembea, na pesa inabaki kwa kikundi chao. Ninyi ni chama cha wanawake. Kama mnatafuta safari ya mwaka ujao, nendeni mkazungumze nao, kikundi kwa kikundi.

Kuna jambo ambalo kiingilio hakiwezi, na ningekuwa nawadanganya nikilificha. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mwani ndani ya mwili wake. Mwani ndio unaomlisha na kumpa rangi. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, anautoa, anabaki mweupe, na hali ikiendelea anakufa kwa njaa. Mwaka 1998 ilitokea hivyo kwa ukubwa uliotisha: kati ya nusu na asilimia 90 ya matumbawe hai yalikufa katika sehemu nyingi za pwani yetu, ndani na nje ya hifadhi. Ilijirudia 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la dunia nzima. Askari wa doria hazuii joto. Anachozuia ni nanga na juya, ili mwamba uliopigwa na joto usipigwe tena na binadamu wakati unajaribu kupona. Utafiti wa 2021 ulioongozwa na David Obura wa CORDIO, taasisi ya utafiti wa bahari, mwanasayansi wa hapahapa Kenya, ulikuta miamba yote ya magharibi mwa Bahari ya Hindi iko hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50, na chanzo kikiwa joto na uvuvi uliopita kiasi. La pili liko mikononi mwetu.

Huko Mexico, jimbo la Quintana Roo, lenye mji wa Cancún, limefika mbali zaidi: limeukatia mwamba bima. Kimbunga Delta kilipopiga mwaka 2020, bima ililipa karibu dola 800,000, nazo zikatumika kurudishia matumbawe yaliyong'oka. Kampuni za bima hazilipi kwa huruma. Waliona kwamba mwamba ndio ukuta wa hoteli, na ukuta hukatiwa bima.

Tukirudi kwetu, mbali na joto na uvuvi kuna mto. Ukitoka Watamu kwenda Malindi, mwendo wa kama kilomita 20, mchanga unabadilika kuwa wa kahawia. Rangi ile ni udongo ulioletwa na Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya mji. Sasa fuata Sabaki kurudi nyuma: juu unaitwa Galana, juu zaidi unaitwa Athi, na Athi inapokea maji ya Mto Nairobi pamoja na Mathare na Ngong. Maji machafu ya mitaa yetu, na udongo wa mashamba ya Kiambu, Machakos na Makueni, safari yao inaishia mbele ya Malindi. Upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, unalisukuma tope lile kusini, kuelekea mji na hifadhi, wakati uleule sisi wa bara tumeshuka kuogelea. Likitua juu ya tumbawe, kiumbe yule anatumia nguvu zake kujisafisha kwa ute badala ya kukua, na maji yakiwa machafu mwani wake unakosa jua. Hakuna hoteli ya Malindi inayomlipa mkulima wa Matungulu, kule Machakos, achimbe matuta, ingawa matuta yale yangeifaa hoteli kuliko bwawa jipya. Hesabu za utalii wa pwani zinapigwa kana kwamba pwani inaanzia Mombasa. Inaanzia Ngong na Limuru.

Basi kwa kikao chenu: lipeni, mchukue risiti, na mwandike barua ya chama mkiuliza kiasi gani cha kiingilio cha Watamu kinarudi Watamu na kiasi gani kinafika kwa wavuvi. Ni haki yenu kama wananchi mnaolipa, na barua ya wageni wa ndani ina uzito. Mwaka 2020 wageni wa nje walipokatika kwa sababu ya korona, safari za watu kama ninyi ndizo zilizobaki.

Mkifika, ulizeni nahodha kabla hamjapanda: utafunga kwenye boya au utatupa nanga? Akisema nanga, tafuteni mwingine, na mwambieni sababu. Mkataeni pia anayewapa mkate wa kuwarushia samaki. Samaki anayeshiba mkate anaacha kazi ya kula mwani, na mwani ukizidi unafunika matumbawe. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, ndipo matumbawe yanaonekana vizuri, ila msisimame juu yake hata mkichoka; shikeni boti. Na kama kuna mwanachama mwenye shamba Kangundo au Kathiani, muulizeni matuta yake yako hali gani kabla mvua za vuli hazijaanza.